Papa Freni na Mshuko wa Kwanza

Jirani yangu huyu aliwahi kutazama mashindano ya kuteleza kwenye theluji mara moja tu, kwenye televisheni ya buveti moja, baa ndogo ya hapa Kamembe, na waliokuwepo siku ile bado wanasimulia. Kwenye skrini kulikuwa na mji wa milimani, mapaa yote meupe, na vijana wenye miwani mikubwa wakishuka mlima kwa mbao mbili ndefu zilizofungwa miguuni. Buveti nzima ilipiga kelele. Yeye aliweka chupa yake chini, akasogeza kiti mbele mpaka watu wa nyuma wakaanza kulalamika.

"Freni yabo iko wapi?" akauliza, maana breki kwetu ni freni.

"Papa, toka mbele, hatuone!"

"Minauliza freni. Ule muntu anashuka vile, atasimama na nini?"

Kijana mmoja akamweleza kwamba wanageuza miguu upande, mbao zinauma theluji, mtu anasimama. Hakuamini. Alingoja mpaka mmoja afike chini na kusimama kweli, theluji ikiruka pembeni kama unga. Hapo akatikisa kichwa.

"Bon. Anasimama na magoti. Lakini ule wa mbele alianguka. Nani alimupima mbele ya kushuka?"

Hakuna aliyejua kama huko kwenye theluji kuna mtu wa kupima. Huku kwetu yupo, na ndiye huyu ninayemweleza. Kila mtu humwita Papa Freni, pamoja na padri, na pamoja na mke wake akiwa amekasirika.

Kama hujawahi kufika Rusizi, nikusaidie kidogo kuiona. Mji wetu umekaa juu ya vilima, na vilima vimeshuka mpaka ziwani. Upande wa pili wa maji iko Bukavu, karibu kiasi kwamba asubuhi ya jua unaona nguo za watu zikianikwa. Hapa ukitoka nyumbani, ama unapanda ama unashuka. Mahali tambarare pa kuegesha hata toroli ni pa kutafuta. Watoto wetu hujifunza kushuka kabla hawajajifunza kusoma. Wanaanza kwa kukalia shina la mgomba kwenye majani yenye umande, wanarudi nyumbani na kaptula zilizotoboka, wanapigwa, kesho wanarudi tena.

Halafu wanafika umri wa chukudu. Chukudu ni kama baiskeli isiyo na kiti wala pedali, yote ya mti. Ina ubao mrefu wa kupigia goti, usukani wa mti mbele, na magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa ukanda wa tairi kuukuu. Goti moja ubaoni, mguu mwingine unasukuma ardhi, na mteremko ukianza huna haja ya kusukuma tena. Kwa wenzetu wa kaskazini ya ziwa ni chombo cha kazi, kinabeba viazi na makaa. Papa Freni alikulia huko Kongo kama wengi wetu, akajifunza kuitengeneza akiwa kijana, na aliporudi Rwanda na familia yake alirudi na ujuzi huo. Lakini hapa mtaani kwetu, Gihundwe, hakubeba viazi. Alitengeneza moja kwa ajili ya mtoto wake, kisha moja kwa ajili ya jirani, na baada ya miaka tukajikuta na mchezo wa Jumapili.

Baada ya ibada na chakula cha mchana, watu wanapanda hadi juu ya barabara ya udongo iliyo nyuma ya nyumba zetu. Wengine wanashuka, wengi wanatazama. Wamama wanauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga, na karanga. Mvua ikichimba makorongo barabarani, tunayafukia siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, na sijaona kazi nyingine ya umuganda inayofanywa kwa moyo kama ile.

Papa Freni hukaa juu kabisa, kwenye kigoda, nyundo na misumari miguuni, na vipande vya tairi ndani ya ndoo. Freni ya chukudu ni kitu rahisi: kipande cha tairi kinapigiliwa juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga, kinabana. Rahisi, lakini msumari ukilegea, unakanyaga hewa. Kwa hiyo hakuna anayeshuka bila kupita kwake. Haulizi kama freni ni nzuri. Anasema, "Onyesha," na mtu lazima ashuke hatua chache na kusimama mbele ya macho yake. Akiridhika anageuza uso upande mwingine, na hiyo ndiyo ruhusa. Asiporidhika anashika chukudu yako kwa mkono mmoja, na hata uwe mtoto wa meya hutaiona mpaka tairi libadilishwe.

Alikuwa na mdomo. Siwezi kumsifu nikaficha hilo. Kijana mmoja mwenye misuli alipokuwa akibana freni toka juu hadi chini, alimpigia kelele: "Weye unashuka kama bibi-arusi anaogopa bakwe zake!" Mimi, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na nimenenepa tangu nilipooa, nilipojaribu kushuka mwaka mmoja alinitazama tumboni.

"Mwalimu, hiyo ndiyo freni ya pili?"

"Papa, niheshimu, wanafunzi wangu wako hapa."

"Bakuwe hapa. Baone mwalimu wao akiruka."

Hata hivyo, ukija kwake bila watu, sauti yake ilikuwa nyingine. Binti mmoja wa jirani alishindwa mtihani wa sekondari, akakaa ndani siku nyingi. Papa Freni alikwenda kwao na chukudu mbovu, akamwambia baba wa binti kwamba anahitaji mtu mwenye vidole vyembamba vya kutoa msumari uliovunjika. Vidole vya Papa Freni mwenyewe vilikuwa vyembamba vya kutosha. Yule binti alitoa msumari, akarudi siku iliyofuata, na tukamzoea pale kwenye kigoda mpaka aliporudi shuleni.

Alizichukia pikipiki. Aliwaita madereva wake "bandege", watu wasiojua kwamba ardhi iko chini. Na bado, ili kwenda kununua maziwa mahali ambapo ungefika kabla hujamaliza sala ya Baba Yetu, alikuwa anaita moto, yaani pikipiki ya abiria. Alikaa nyuma amemkumbatia dereva kwa mikono yote miwili, akimgombeza njia nzima. "Polepole! Mi niko na bibi nyumbani!" Madereva walimgombania. Walisema ni abiria anayewachekesha mchana kutwa.

Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango na kuimba besi kwa nguvu, nusu ya noti nyuma ya wengine. Mwalimu wa kwaya alijaribu mara nyingi kumweleza. Alijibu kwamba Mungu anasikia hata wanaochelewa.

Jambo moja lilinishangaza kwa miaka. Sikumwona akishuka hata siku moja. Alikuwa na jibu lake la magoti: yanauma, yamezeeka, yamechoka kwa kupanda. Siku moja nilimsikia mke wake akilicheka jibu hilo. Huyu tunamwita Maman Freni, mama mfupi mwenye kicheko cha chini kwa chini, aliyekuwa akivuka kila juma kwenda Bukavu kuuza nyanya na kurudi na vitenge.

"Magoti gani? Anaogopa," aliniambia huku akichambua sombe, majani ya muhogo. "Tangu zamani anaogopa mbio. Ata kwenye bisi anafumba macho. Njo maana anatengenezaka freni."

"Usimusikilize, Mwalimu," sauti ikatoka ndani.

"Muongo?"

Tukasikia nyundo ikianza kupiga kitu ambacho, nina hakika, hakikuhitaji kupigwa.

Sasa nieleze kuhusu mshuko wa kwanza, maana bila huo huwezi kuelewa kilichotupata.

Ulianzia kwake. Miaka ya mwanzo, mama mmoja wa mtaani alifiwa na mtoto, na kilio kikamalizika katikati ya juma. Kwetu, siku ya kumaliza kilio ndiyo siku familia inaruhusu maisha yarudi: watu wanaoga, wanakunywa pamoja, wanarudi shambani. Lakini Jumapili ilipofika, watu walisimama juu ya mteremko hawajui la kufanya. Kushuka na kupiga kelele mbele ya nyumba ya yule mama kulikuwa ukatili. Kurudi nyumbani kulikuwa kama kumwambia kwamba yeye ndiye amezima furaha ya mtaa. Papa Freni alishuka mwenyewe kwa miguu hadi kwake, akazungumza naye mlangoni, akapanda naye mkono kwa mkono.

"Huyu atapita wa kwanza," akatuambia. "Sisi tunyamaze. Akifika chini, basi, tucheze."

Yule mama alishuka amekaa juu ya ubao, kijana akimshikia usukani, sisi tumevua kofia. Alipofika chini wamama walimpokea. Baada ya hapo watoto wakashuka, na yeye alibaki pale chini akiwatazama.

Tangu siku hiyo, kila nyumba iliyomaliza kilio hupewa mshuko wa kwanza wa Jumapili inayofuata. Mtu anaweza kushuka, kukaa, au kutembea tu akiburuta chukudu. Hakuna anayelazimishwa. Lakini ukishapita, watu wanaacha kukusalimia kwa ile sauti ya msibani. Wanaanza tena kukutania, kukudai chumvi, kukualika harusini. Nimeona watu wagumu wakifika chini na kulia machozi ambayo makaburini hayakutoka. Papa Freni ndiye aliyekuwa akitazama freni zao, na kwao hakuwa na mzaha hata mmoja.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, yule wa chukudu ya kwanza. Alishuka vizuri kuliko wote, amelegea kama mtu anayelala, na baba yake aliyefumba macho kwenye basi alikuwa akimtazama huyu bila kupepesa. Kijana alipokua alifanya biashara ya nguo kati ya Bukavu na hapa, akaona faida ni ndogo, akafuata marafiki ndani kabisa, Kivu Kusini, kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuwa akipiga simu Jumapili jioni. Swali lake la kwanza lilikuwa nani alianguka leo, na baba yake alimsimulia kila anguko kwa kirefu, mama akisubiri zamu yake ya simu na kulalamika kwamba salio litaisha.

Kisha simu ikaacha kupigwa. Papa Freni alipopiga, sauti ya mashine ilimjibu.

Baada ya msimu mmoja wa mvua walikuja vijana wawili waliofanya kazi na mtoto wake. Nilikuwepo, kwa sababu Maman Freni aliniita haraka. Walikula kwanza, kama inavyopasa, kisha mkubwa wao akasema kwamba shimo walilokuwa wakichimba lilibomoka na mvua, na waliokuwa ndani hawakutolewa. Maman Freni alishika kichwa kwa mikono miwili. Mume wake aliinua kidole.

"Ngoja kwanza. Mulimuonaka akiingia?"

"Asubuhi tulimuona kwenye shimo, Papa."

"Kwenye shimo, ao ndani ya shimo?"

"Pa mulango."

"Na wakati lilianguka mulikuwa wapi?"

"Kwenye soko."

"Basi hamukumuona ndani."

"Papa, batu bote ba ile equipe ya kuchimba..."

"Minauliza macho yenu. Macho yenu yaliona?"

Vijana walitazamana. Hawakuwa waongo, na kwa sababu hawakuwa waongo walisema hapana, macho yao hayakuona.

"Njo hivyo," alisema, akasimama. "Mutoto wangu iko safarini. Muntu wa safari habamulilie."

Hakuna kilio kilichowekwa. Majirani walifika na kuni na maharagwe, wakamkuta amesimama mlangoni akiwasalimia kwa furaha na kuwauliza habari za shamba. Walirudi na kuni zao.

Naomba uelewe shida iliyomkuta Maman Freni, maana haionekani haraka. Kama kungekuwa na kilio, watu wangelala kwake, wangeimba, wangelia naye, na siku ya mwisho wangemtoa nje. Kwa kuwa hakikuwepo, hata sauti ya kumsalimia ilitushinda. Ukimpa pole, umemzika mtoto ambaye baba yake anasema yuko hai. Usipompa pole, umemkana mama. Watu wengi walichagua njia nyepesi ya kupita upande mwingine wa barabara. Harusini hakualikwa, kwa hofu ya kumwumiza. Misibani hakualikwa, kwa sababu hiyo hiyo. Kile kicheko cha chini kwa chini sikukisikia tena.

Siku moja alinikuta uani mwangu nikipanga makaratasi ya wanafunzi, akakaa bila kukaribishwa.

"Mwanangu, weye unasikizana naye. Umuambie. Mi sina nguvu ya kungoja kama yeye. Nataka kulia na batu. Mara moja tu, vizuri, nimalize. Nikizeeka vile hivi nitakufa na machozi ndani."

"Maman, nitamwambia nini ambacho wewe hujamwambia?"

"Umuambie kwa Kifaransa. Pengine ataogopa."

Alijaribu kutabasamu. Nilikwenda. Papa Freni alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anakata tairi kwa kisu, kisha akasema, "Mwalimu, siku nikikaa kwenye kilio chake, nimemuua mimi. Hapo mbele alikuwa hajakufa." Nilirudi kwenye makaratasi yangu.

Miaka ikapita hivyo. Kila Jumapili alipima freni za wengine, akawashusha wafiwa wengine, na kila mtu alijua kwamba iko nyumba moja ambayo zamu yake haijaitwa.

Kosa lililofuata lingeweza kufanywa na watu wetu tu, na lilifanywa kwa upendo. Kulikuwa na kijana anayepanga foleni na kutangaza kwa sauti nani anashuka. Jumapili moja ambayo hakukuwa na mfiwa yeyote, aliona ni vizuri kumheshimu mzee, akafikiri kwamba mlango ukifunguliwa na mwingine yeye ataweza kupita. Akapaza sauti: "Leo mshuko wa kwanza ni wa nyumba ya Papa Freni!" Na sisi, Mungu atusamehe, tukavua kofia.

Alitutazama mmoja mmoja, vichwa vitupu, toka mbele ya foleni hadi nyuma. Akaweka nyundo ndani ya ndoo, akashika kigoda, akaondoka.

Hakurudi Jumapili iliyofuata wala zilizofuata. Watu walikwenda kumwomba radhi, akawakaribisha, akawapa chai, akazungumza habari za mvua. Mteremko uliendelea bila yeye, kila mmoja akijipima mwenyewe, na jinsi watu wanavyojipima unajua. Msichana mmoja alikanyaga freni iliyolegea, akapita kona moja kwa moja, akavunjika mfupa wa bega. Walimpeleka hospitalini kwa moto. Jumapili iliyofuata Papa Freni alikuwa juu, kwenye kigoda, kabla ya mtu mwingine yeyote kufika. Alinyoosha mkono kwa wa kwanza, "Onyesha," na sisi tukapanga foleni kama watoto waliorudi shuleni.

Na siku hiyo hiyo, kabla hata mmoja hajashuka, Maman Freni alipanda.

Alikuwa na kitenge chake cha kanisani na viatu vya kufunga. Ameazima chukudu ya jirani, anaiburuta kwa usukani kama mtu anayevuta mbuzi. Hakutazama mtu. Alikwenda hadi kwa yule kijana wa kutangaza, ambaye alirudi nyuma hatua mbili, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Ya kwanza ni yangu leo. Yangu mimi. Sikusema ya nyumba."

Hakuna aliyevua kofia. Tulikuwa tumejifunza. Tulimtazama Papa Freni, na yeye aliutazama mkono wake mwenyewe. Nilidhani ataondoka tena. Nilidhani, akiondoka safari hii, mmoja wao hatarudi nyumbani.

"Lete," akasema.

Aliigeuza chukudu juu chini. Akakagua gurudumu la mbele, la nyuma, akavuta kipande cha tairi, kikatoka mkononi. Akatafuta kingine ndani ya ndoo, akakiacha, akatafuta kingine. Alipigilia msumari, akaung'oa, akaupigilia upya karibu zaidi. Alipomaliza alisimama, akamshika mke wake kiwiko, akampeleka mahali pa kujaribia.

"Goti hapa. Hapana, la kuume. Hii mikono usikaze, itakuangusha."

"Naanguka?"

"Hauwezi kuanguka. Kanyaga hapa na kisigino. Onyesha."

Alionyesha. Hakufanya vizuri. Akamwambia arudie, akarudia, akamwambia tena. Walikuwa wazee wawili katikati ya barabara ya udongo, mmoja amepiga goti na mwingine ameinama akishika kisigino chake na kukiweka mahali pake, na mimi nilitazama pembeni kwa sababu niliona kama nimeingia chumbani kwao. Mwishowe alifanya vizuri. Papa Freni akageuza uso upande mwingine.

Maman Freni alishuka amebana freni tangu juu hadi chini, polepole kiasi cha mtu kutembea naye, na harufu ya tairi ikabaki hewani. Hakuna aliyemtania kuhusu bibi-arusi. Alipita kona, tukamwona tena chini, amesimama. Wamama walimzunguka. Kisha tukakisikia kilio chake. Sauti hupanda haraka kwenye vilima vyetu, na ile ilitufikia yote, jina la mtoto na majina yake ya utotoni, na sauti za wamama wengine zikiipokea na kuibeba. Ililia miaka yote aliyoizuia.

Papa Freni alikaa kwenye kigoda. "Amesimama muzuri," akasema, akanyoosha mkono kwa aliyefuata, na huyo akaushika kwa mikono yake miwili badala ya kumpa chukudu.

Tangu siku hiyo Maman Freni amerudi kwetu. Anadai chumvi. Anaalikwa. Amerudi kuuza nyanya, na wateja wakipunguza bei anawatukana kwa Kimashi, lugha ya upande wa Bukavu. Usiniulize kama maumivu yamekwisha. Nasema tu kwamba sasa yana mahali pa kukaa.

Kuhusu Papa Freni, nilidhani nimeelewa. Nilidhani kwa kumfungia mkewe freni ile na yeye amekubali kwamba mtoto amekufa. Juzi juzi nilikuwa nateremka kwenda mpakani, nivuke Bukavu kumwona dada yangu, nikamkuta amesimama kando ya barabara kana kwamba anangoja moto.

"Unavuka, Mwalimu?"

"Navuka, Papa. Nirudi jioni."

Alitembea nami kidogo. Aliuliza habari za dada yangu, za mume wake, za bei ya saruji huko. Kisha akashusha sauti.

"Ukikutana na batu banatoka ndani, kule kwenye parking ya magari ya machimbo, uulize. Kijana murefu. Bega la kushoto limeshuka. Sasa pengine ameota ndevu."

"Papa..."

"Uulize tu. Usimuambie Maman. Yeye alimaliza, na alimaliza vizuri. Mi nilimupatia freni, sikushuka naye."

Nilivuka. Nilimsalimu dada yangu, na kabla ya kurudi nilikwenda kwenye ile parking, nikauliza. Niliuliza madereva, niliuliza mama anayewauzia ugali, niliuliza vijana wawili wenye matope mekundu kwenye buti. Walinisikiliza kwa upole. Mmoja alisema kuna warefu wengi.

Jioni nilimkuta Papa Freni nje ya ua wake, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo ya umeme, lango lipo hatua chache na limefunguliwa. Ndani, mke wake alikuwa akiosha sufuria na kuimba wimbo wa kanisani, kwa sauti ya mtu asiyejua kwamba anasikika.

"Uliuliza?"

"Niliuliza, Papa. Hawajamwona."

Alikubali kwa kichwa, akanishukuru, akaniuliza kama nimechoka. Nilimwambia giza linaingia, twende ndani, Maman atatupa chai.

"Tangulia nyumbani kwako, Mwalimu. Nikiingia sasa na hii sura, ataacha kuimba."

Nilipofika mlangoni kwangu niligeuka. Alikuwa bado pale, anangoja wimbo uishe.